MELI NDIYO INAPANGA SIKU YA KUCHUMA PARACHICHI

Somo la leo ni la wote tunaouza mazao mtandaoni.

Swali ninaloulizwa sana dukani hapa Kilolo: "Mbona wiki iliyopita walikuwa wanachukua Hass, wiki hii wanasema subirini?" Wengi wanadhani ni roho mbaya ya mnunuzi. Mara nyingi jibu liko bandarini Dar, kilomita 500 na kitu kutoka hapa. Twende taratibu.

1. SIKU ZINAHESABIWA KUANZIA MWISHO
Parachichi haliivi likiwa mtini. Ukilichuma tu, siku zake zinaanza kuhesabika. Kwa hiyo msafirishaji anatafuta kwanza nafasi kwenye meli, halafu anarudi nyuma: siku za bandarini, siku ya lori kushuka Kitonga, siku ya kufungasha, mwisho siku ya kuchuma. Meli ikisogea mbele, na wachumaji wanasogezwa. Tunda lililobaki mtini bado ni hela. Lililokaa kwenye kreti juani ndo hasara, na hasara hiyo anaibeba mkulima.

2. KONTENA HALIJAZWI NA MTU MMOJA
Kontena la baridi la futi 40 linabeba takribani tani 20, yaani kama maboksi 5,000 ya kilo 4. Mkulima wa ekari moja hawezi peke yake. Ndiyo maana vikundi na AMCOS vinakusanya mzigo pamoja.

3. KARATASI
Bila cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA mzigo hautoki. China walitufungulia soko la parachichi Novemba 2022, ila wanataka shamba na kituo cha kufungashia viwe vimesajiliwa.

4. NJIA INABADILISHA BEI
Miaka ya nyuma parachichi nyingi za nyanda hizi zilipitia Mombasa, na huko nje zikajulikana kama za Kenya. Wenzetu wa korosho wameliona hili: msimu wa 2023/24 serikali ilielekeza korosho za kusini zipite bandari ya Mtwara, ili kazi za maghala, malori na upakiaji zibaki kule kule zao linakolimwa.

Na bahari nayo ina mambo yake. Tangu mwisho wa 2023, meli nyingi za Ulaya zilikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Afrika Kusini. Safari ikaongezeka siku kumi na zaidi. Tunda lenye mchubuko haliwezi safari hiyo, ndo maana mnunuzi anachambua sana.

SASA WEWE MUUZAJI UFANYE NINI?

✅ Usimwambie mkulima achume kwa sababu umesikia "kampuni inakuja". Hiyo siyo tarehe. Uliza: lori linapakia lini, na kontena limeshapata nafasi?

✅ Jua namba za saizi. Namba 16 maana yake matunda 16 kwenye boksi la kilo 4, kila moja gramu 250 hivi. Namba ikipanda, tunda linapungua.

✅ Yaliyokataliwa kwa saizi au umbo bado yanalika vizuri. Mimi nayapiga picha siku hiyo hiyo, naandika uzito na tarehe ya kuchumwa, nawauzia wateja wa Iringa mjini na Dodoma. Nawaambia wazi: haya hayakufikia saizi ya nje, ladha ni ile ile. Mteja akijua ukweli anarudi, na mama mwenye shamba anapata hela ya mbolea.

✅ Mkulima akikuuliza kwa nini bei imeshuka, mweleze habari za meli. Ukimficha, msimu ujao atampa dalali mwingine mzigo.

Una swali? Uliza hapa chini, nikifunga duka nakujibu. Mtumie na mwenzako anayeuza matunda.