Kisiki Hai: Kuvu za Mizizini na Kurudi kwa Miombo Nyakisasa, Ngara



Mvua za vuli zikishanyesha wiki mbili tatu, watazame akina mama wanaookota uyoga kwenye miombo iliyokomaa. Hawahangaiki huku na huku. Wanakwenda kwenye mashina wanayoyajua, maana uyoga wa manjano wenye umbo la faneli, na ule unaotoa maziwa ukivunjwa, hauoti katikati ya shamba la mahindi. Wanachookota ni tunda tu. Kuvu yenyewe iko ardhini: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizoivika ncha za mizizi ya mti kama soksi.

Nyuzi hizo hupenya mahali ambapo mzizi haufiki. Huuletea mti maji, naitrojeni na fosforasi, nao mti huzilipa sukari iliyotengenezwa na majani. Katika udongo mwekundu kama wetu, ambao huing'ang'ania fosforasi isichukuliwe kirahisi, mti usio na kuvu hudumaa. Ndiyo maana wakuza miche ya misonobari, mti uliotoka ng'ambo, huchanganya kwenye viriba udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa.

Msitu ukikua, kuvu nazo hubadilika

Shamba likiachwa, nyasi na vichaka ndivyo hutangulia. Kuvu zake ni zile zinazoingia ndani kabisa ya seli za mzizi, na hazitoi uyoga. Hazichagui sana: ndizo hizo hizo zinazolisha mahindi, maharage, migomba na kahawa. Mninga pia hutumia kuvu za namna hii.

Miyombo, mitundu na mikongo ina mahitaji mengine. Yenyewe hutaka kuvu za soksi, na hizo huja kwa zamu. Kwenye miti michanga hutangulia aina chache zinazosafiri kwa vumbi la mbegu linalopeperushwa na upepo, na zinazotosheka na sukari kidogo. Miaka inapita, matawi yanakutana juu, majani makavu yanarundikana chini. Hapo huingia aina nyingine, nyingi zaidi, zinazokula sukari nyingi lakini zenye uwezo wa kutoa naitrojeni ndani ya majani yanayooza. Hizi za baadaye kwa kawaida hushindwa kuanza kwa vumbi la mbegu kwenye mche ulio peke yake mahali pa wazi. Hutambaa kutoka mzizi hadi mzizi, zikitokea kwa mti mkubwa ulio hai.

Mpangilio huo ulielezwa na watafiti wa Scotland miaka ya 1980, walipofuatilia uyoga unaoota kuzunguka miti ya huko mwaka hadi mwaka. Kwetu Tanzania, Peter Högberg alichapisha mwaka 1982 uchunguzi wa mizizi ya miti ya misitu yetu, akaonyesha ipi ina kuvu za soksi na ipi haina. Jirani zetu Burundi wana kitabu kizima cha uyoga wao wa kuliwa, kilichoandikwa na Bart Buyck mwaka 1994.

Mwaka huo huo wa 1994 wilaya yetu ya Ngara haitausahau. Mwisho wa Aprili, kwa siku mbili tu, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Watu lazima wapike, na vilima vilivyozunguka kambi yao ya Benaco vikapoteza miti yake kwa kuni. Hatuwalaumu. Tunalokumbusha ni kwamba kukata mti na kung'oa kisiki ni mambo mawili tofauti kabisa.

Myombo uliokatwa kwa kawaida haufi. Kisiki huchipua, mizizi yake ya zamani ikiendelea kuzilisha kuvu zake, hata zile za msitu uliokomaa. Chipukizi lake halianzi upya kama mche. Lakini ukikichimbua kisiki, ukilima hapo miaka mingi, kuvu hizo hufa njaa, maana mahindi hayazilishi. Tanuri la mkaa nalo huuchoma udongo ulio chini yake mpaka uzima wote unaisha. Moto wa Agosti na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huteketeza majani makavu ambayo kuvu za baadaye huyategemea.

Kwa hiyo, ukisafisha shamba jipya, acha visiki vya pembezoni na miti michache mikubwa ibaki. Kisiki kikichipua, bakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine uyapunguze. Ukitaka kupanda miyombo, changanya kwenye kiriba udongo kiasi wa chini ya miyombo mikubwa. Tanuri liwekwe mahali palipokwisha kuchomwa zamani, si papya kila mara. Vijiji vya Ngara na Biharamulo vinaweza pia kutenga msitu wao wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu.

Neno moja la tahadhari: miombo hiyo hiyo huotesha uyoga unaoua, na kuupika hakuondoi sumu yake. Usile usioujua.

Msimu huu, kabla hujapeleka jembe kwenye kisiki, kitazame kama kina chipukizi. Kikiwa nalo, tafadhali kipishe.