Ramadhani ya 14: Kitabu cha maktaba kilicho juu ya kabati lako



Ndugu zangu, bado tuko kwenye mlango wa amana. Leo nina jambo dogo, au tuseme linaonekana dogo. Kabla hujaendelea kusoma, hebu inuka uangalie juu ya kabati, chini ya kitanda, na ndani ya ule mkoba wa zamani wa mtoto. Kuna kitabu chenye muhuri wa maktaba? Nenda kwanza, darasa litakungoja.

Mimi changu nilikikuta mwezi wa Shaabani. Tulikuwa tunasafisha nyumba kuupokea mwezi, nikashusha boksi, na ndani yake kitabu cha sarufi ya Kiarabu nilichoazima kwenye maktaba moja ya mjini. Nikafungua nyuma, kwenye ile karatasi ya tarehe. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka miwili nyuma. Yaani Ramadhani mbili nzima nimefunga, nimehitimisha Qur'ani, nimetoa zakatul-fitri, na kitabu cha watu kiko kwangu kinakula vumbi.

Nisiwafiche nilichowaza kwanza. Sikumwaza mwenye haki, niliwaza faini. Nikapiga hesabu kichwani: tuseme ni shilingi 5 kwa siku, mara siku 730, hiyo ni shilingi 3,650. Kitabu chenyewe hakifiki bei hiyo! Na shetani (Ramadhani ilikuwa haijaingia, alikuwa bado huru) akaninong'oneza: kiache hapo hapo, nani anakukumbuka?

Nilikaa nacho siku tatu zaidi ndipo nikaenda. Mkutubi alikuwa mama mtu mzima. Hakunigombeza. Alikichukua, akakipangusa, akaniambia, "Mwanangu, kuna kijana wa chuo alikuja kukiuliza hiki mara tatu kabla ya mtihani. Tulikuwa na nakala moja tu." Faini nililipa, tena mama yule alinipunguzia. Lakini yule kijana mtihani wake alishaufanya. Nitamlipa nini, na hata jina lake silijui?

Sasa tuangalie elimu yake. Lugha yetu imetusaidia hapa. Pesa *unakopa*, kitu *unaazima*. Ukikopa elfu moja, huwajibiki kurudisha noti ile ile, unarudisha mfano wake. Ukiazima sufuria ya jirani, anataka sufuria yake. Wanachuoni nao wametenganisha: ile ni qardhi, hii ni ariya. Kitabu cha maktaba ni ariya. Mali haikuwa yako hata dakika moja, umepewa manufaa yake tu, kwa muda, na kwa sharti. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mola wetu anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amri ni ya kufikisha. Hajasema tungoje mpaka mwenyewe aje kugonga mlango.

Mtume wetu swalla Llahu alayhi wasallam, wakati wa vita vya Hunayn mwaka wa 8 Hijria, aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya. Safwan wakati huo hakuwa Mwislamu. Aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, akajibiwa kuwa ni za kuazima na zina dhamana. Baadhi ya zile deraya zilipopotea, Mtume alijitolea kumlipa, na Safwan akasamehe, kwani moyo wake ulishabadilika. Kwa hiyo mtu asiseme, "Ah, ile ni maktaba ya serikali," au "ile si ya Waislamu." Na sisi wa madhehebu ya Shafii tuna zaidi: kitu cha kuazima kikiharibika mkononi mwako nje ya matumizi uliyoruhusiwa, unakidhamini hata kama hukuzembea. Kurasa kuchakaa kwa kusomwa ni sawa. Mtoto kukimwagia uji wa futari, hilo ni lako.

Kuhusu vitabu hasa, wakubwa wetu walikuwa wakali. Imamu Az-Zuhri, aliyefariki mwaka 124 Hijria, alimtahadharisha mwanafunzi wake Yunus bin Yazid na ghululi ya vitabu. Ghululi ni kule kuiba kwenye ngawira, na mnajua uzito wake. Alipoulizwa ndiyo nini, akaeleza kuwa ni kuvizuia visiwarudie wenyewe. Hakuzungumzia mwizi aliyevunja dirisha. Alimzungumzia mtu aliyepewa kwa uzuri halafu akakalia.

Na upande wa pili kuna ukarimu. Yaqut al-Hamawi, yule mwandishi wa kamusi ya miji, aliishi Merv, mji ambao magofu yake leo yako Turkmenistan. Ameandika kwamba mji ulikuwa na maktaba kumi za wakfu, moja yake ikiwa na majalada kama 12,000, na kwamba nyumbani kwake hayakosekani majalada 200 na zaidi ya kuazima, mengi bila kuweka rehani. Kila kimoja thamani yake kama dinari! Fikiria uaminifu huo. Aliondoka mji ukikaribiwa na Wamongolia, na mwaka 1221 wakauteketeza. Mimi nikisoma habari hii huwa najiuliza: mlango ule ulibaki wazi kwa Yaqut kwa sababu waliomtangulia walirudisha. Wangekalia vitabu, angekuta rehani mlangoni.

Hata pwani yetu hatukuwa nyuma. Msikiti wa Riyadha kule Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, una hazina ya vitabu vya mkono, na baadhi vimeandikwa kuwa ni wakfu. Mtu alitoa mali yake ili asome asiyemjua. Wewe ukikizuia kitabu cha namna hiyo, umesimama katikati ya thawabu ya marehemu na msomaji wake.

Haya, tuje kwenye faini. Najua kuna suali la kifiqhi, kama faini ya kuchelewesha inafaa au ina harufu ya riba, na masheikh wamelizungumza. Hilo muulize sheikh wako. La leo ni jepesi: usifike huko. Kuna watu wanaikwepa faini kwa kuikwepa maktaba yenyewe. Mtu amechelewa wiki, akaona haya. Wiki ikawa mwezi, sasa akipita ile barabara anavuka upande wa pili. Huyo hajakwepa faini, ameiongeza, na elimu ameikosa juu yake. "Kawia ufike" ni maneno ya safari, ndugu yangu, si ya vitabu vya watu.

Mji wa Chicago, Marekani, maktaba zake za umma zilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimepotelea majumbani vikaanza kurudi kwa wingi. Kumbe wengi hawakuwa wezi, walikuwa na haya tu. Sasa maktaba yako pengine haijafuta. Lakini nenda uongee nao. Mkutubi ni binadamu, na anachokitaka zaidi ni kitabu.

Na kwa kitabu utakachoazima kesho, tarehe iandike siku hiyo hiyo, kwenye simu, na uiwekee kengele siku mbili kabla, si siku yenyewe. Siku yenyewe utakuwa na udhuru, mvua au mgeni. Mwezi huu angalia pia kama tarehe imeangukia Idi. Maktaba ikiwa imefungwa, uliza mapema siku hizo zinahesabiwaje. Hujamaliza kusoma? Omba kuongezewa muda *kabla* tarehe haijapita. Maktaba nyingi zinakubali ikiwa hakuna mwingine aliyekiwekea nafasi. Chukua unachoweza kusoma. Mtu anabeba vinne, anasoma kimoja, anatozwa kwa vyote. Usimwazime mwenzio kitabu ulichoazima, jambo ambalo Ibn Jamaa, aliyefariki mwaka 1333, aliliandika katika adabu za mwanafunzi, pamoja na kutoandika pembezoni na kutokaa na kitabu bila haja. Na ukirudisha, simama pale mpaka uone jina lako limefutwa kwenye daftari au kwenye kompyuta. Wapo waliorudisha kweli na bado wakadaiwa.

Wazazi, hili lenu. Kijana anamaliza chuo, fomu yake inapita kila ofisi, inakwama maktaba kwa kitabu kimoja alichomwachia rafiki mwaka wa kwanza. Cheti hakitoki. Muulizeni leo, akiwa bado ana nafasi ya kukitafuta.

Kimepotea kabisa? Nenda useme kimepotea. Watakuambia ununue nakala kama ile au ulipe thamani, na hesabu ya siku itasimama hapo. Kama maktaba yenyewe imeshafungwa au umehama mji, tuandikie, tutafute njia ya kumfikia msimamizi wake.

Mwisho ni tangazo. Vile vitabu vya maktaba yetu ya msikiti, vyenye muhuri wa kijani, tumekosa 31 kwenye hesabu ya Rajabu. Kuanzia leo baada ya tarawehe kuna boksi karibu na mlango wa viatu, na upande wa kina mama kuna jengine. Tumbukiza, nenda zako. Hakuna faini na hakuna atakayeuliza jina. Anayekihitaji zaidi ni mwalimu wa madrasa ya watoto, anayetafuta juzuu ya pili ya tafsiri. Ya kwanza anayo.

Wabillahi tawfiq. Swaumu maqbul.