SOMO: KUSOMA BEI MJINI TOKYO

Tokyo ni mji mkuu wa Japani. Wajapani huandika kwa aina tatu za herufi: hiragana, katakana na kanji. Mgeni asiyezijua hawezi kusoma kibao cha duka, hata kama kwao amesoma vitabu vingi. Lakini tarakimu anazijua. Basi tumfuate mgeni huyo kwa siku moja.

Safari ya asubuhi

Mgeni yuko Ueno. Anataka kwenda Asakusa, mtaa wa zamani. Anapanda treni ipitayo chini ya ardhi. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1927. Kila kituo kina namba. Ueno ni 16, Asakusa ni 19. Kwa hiyo atashuka kituo cha tatu.

Asakusa kuna hekalu la Kibudha liitwalo Senso-ji. Langoni imetundikwa kandili kubwa nyekundu. Urefu wake ni karibu mita 4, na uzito wake ni kilo 700 hivi. Jengo kuu la hekalu liliteketea kwa mabomu ya vita mwaka 1945. Lilijengwa upya, likamalizika mwaka 1958.

Kununua vitu

Kutoka langoni kuelekea hekaluni kuna njia ya maduka iitwayo Nakamise. Humo huuzwa vipepeo vya kujipepea, vitambaa na biskuti za mchele. Watu hawapatani bei. Bei imeandikwa.

Fedha ya Japani ni yen. Mara nyingi bei huandikwa mbili: moja bila kodi, na nyingine pamoja na kodi. Tuseme kipepeo kimeandikwa 1,000 na 1,100. Mnunuzi hulipa 1,100, kwa sababu kodi ni yen 10 kwa kila yen 100. Asiyesoma bei ya pili atadhani amepunjwa. Kumbe hakupunjwa.

Mgeni anachukua kipepeo hicho, na biskuti za yen 450 pamoja na kodi. Jumla ni yen 1,550. Anaweka noti mbili za 1,000 katika kisahani cha fedha. Muuzaji anamrudishia yen 450. Mgeni anahesabu: sarafu nne za 100 na moja ya 50. Chenji ni sawa.

Sarafu isiyo na tarakimu

Sarafu ya yen 5 ni ya manjano, ina tundu katikati. Thamani yake imeandikwa kwa kanji tu. Mgeni huitambua kwa picha zake. Suke la mpunga ni kilimo. Mistari ya maji ni uvuvi. Gurudumu la meno ni viwanda. Sarafu ya yen 50 nayo ina tundu, lakini ni nyeupe na ina tarakimu 50. Anayezichanganya hupoteza yen 45.

Jina la yen 5 kwa Kijapani hutamkwa kama neno lenye maana ya uhusiano mwema. Ndiyo maana watu wengi huitumbukiza katika sanduku la sadaka hekaluni.

Kusoma hakuna mwisho. Aliyesoma sana akifika ugenini huanza tena, kwa kutazama, kuhesabu na kuuliza.

Maswali

1. Mgeni alijuaje kituo cha kushuka?
2. Kwa nini bei huandikwa mbili?
3. Kitambaa ni yen 600 bila kodi. Utalipa yen ngapi?
4. Ukitoa noti ya 1,000, utarudishiwa yen ngapi?