Nyumba ya Shella: Kabla ya Kutoa Arubuni

Dalali wa Shella, hapa Malindi, atakuonyesha vyumba, uwani, kisima na upepo wa bahari, kisha atakutajia bei. Bei iache kwanza. Muulize kinachouzwa ni nyumba pamoja na ardhi yake, au ni nyumba peke yake. Mtu wa bara huliona swali hili geni, maana kanuni ya kawaida ya sheria ni kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichojengwa juu yake. Pwani mambo hayakwenda hivyo siku zote.

Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na tangu 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa kodi. Mwaka 1908 walitunga sheria iliyowataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yasajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliopata hati wakabaki na viwanja, na wengine wakajenga juu ya viwanja hivyo kwa ruhusa, wakilipa kodi ya kiwanja. Nyumba ikawa ya aliyejenga, ardhi ikabaki ya mwenye hati. Nyumba za aina hiyo zimerithiwa na kuuzwa miaka mingi, na mahakama zetu zinautambua utaratibu huo.

Basi ukiambiwa unauziwa nyumba bila ardhi, usikimbie, lakini jua unachonunua. Hutapata hati miliki, na huwezi kuiweka rehani benki kama anavyofanya mwenye hati. Mtafute mwenye ardhi mwenyewe. Usitosheke na mtu anayekuja kukusanya kodi. Omba risiti za kodi za miaka iliyopita, kisha yaandikwe makubaliano ya watu watatu: muuzaji, wewe, na mwenye ardhi anayekubali kukupokea. Ndani yake itajwe kodi ni kiasi gani na itapandishwa vipi, kama unaruhusiwa kuongeza ghorofa, na utalipwa nini akitaka kiwanja chake au akikiuza. Bila karatasi hiyo, siku mwenye ardhi akifariki utakuwa ukijadiliana na warithi wasiokujua.

Na warithi ndio jambo la pili, kwangu mimi zito kuliko yote. Nyumba nyingi za mitaa ya kale bado zina jina la babu. Anayekuja kukuuzia ni mjukuu au mtoto mkubwa wa kiume, na anasema kwa moyo safi kwamba nyumba ni yao. Uliza dada zake wako wapi. Mmoja ameolewa Lamu, mwingine yuko Uarabuni, na katika sheria ya Kiislamu kila mmoja ana fungu lake, sawa na mjane ambaye hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto. Kuwauzia watu mafungu ya hawa bila wao kujua ni dhuluma. Ni kosa la jinai pia, kwa sababu Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inamkataza mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Familia iende kwanza Mahakama ya Kadhi, warithi watajwe na mafungu yagawanywe, kisha ardhi ihamishwe kwa majina yao. Hapo ndipo wote watie sahihi, au wampe mmoja wao uwakili wa maandishi uliosajiliwa. Yatachukua miezi. Subiri, na usitoe hata shilingi.

Ndugu wakishasajiliwa kila mmoja na sehemu yake, mmoja hawezi kumuuzia mgeni sehemu yake bila ridhaa ya wenziwe kwa maandishi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema hivyo, na fiqhi ya Shafii nayo humpa mshirika haki ya shufaa, yaani kutangulizwa katika kununua. Uliza pia kama nyumba ni wakfu. Ikiwa ni wakfu, ondoka, haiuziki.

Kama nyumba ina ardhi na hati, omba nakala ya hati na ufanye uchunguzi rasmi katika afisi ya ardhi. Uchunguzi huo utaonyesha jina la mwenyewe, deni la benki na pingamizi lolote. Hati pekee haitoshi siku hizi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa juu ya ploti ya ufukweni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati mkononi, lakini mahakama ilisema hati haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa ploti iliyo karibu na bahari, wakili wako afuate historia yote hadi kwa mtu wa kwanza kupewa. Mlete pia mpima ardhi aonyeshe bikoni, kwa kuwa katika vichochoro vya Shella ukuta wa jirani huweza kuwa ndani ya ploti yako bila mtu kukusudia.

Ukinunua kwa mgeni, kumbuka Katiba ya 2010, kifungu cha 65, haimpi asiye raia zaidi ya miaka 99. Hesabu miaka iliyobaki kabla ya kukubali bei ya jumba.

Mkataba lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Makubaliano ya barazani, hata mbele ya mzee wa mtaa, hayatakusaidia ukitaka kuushtakia mkataba wa ardhi. Uwe na wakili wako mwenyewe, na usitumie wa muuzaji. Desturi ni arubuni ya asilimia 10, ikae kwa wakili, na siku 90 za kumaliza. Kama ni nyumba ya mtu na mkewe, ridhaa ya mke iandikwe.

Gharama hazina fumbo. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ndani ya mji. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 mwezi Januari 2023, ila husamehewa ikiwa ameishi katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Usikubali kuandika bei ya uongo ili kupunguza ushuru, kwani mthamini wa serikali hukadiria mwenyewe. Muuzaji akuletee pia cheti cha Kaunti ya Kilifi kuwa kodi ya ploti imelipwa. Madeni ya enzi za baraza la manispaa bado yanadaiwa.

Ukishasajiliwa, fanya uchunguzi wa hati tena uone jina lako, kisha ubadilishe jina kwenye daftari la kaunti, kwenye mita ya umeme na kwenye akaunti ya maji ya MAWASCO.