Somo la Vifaa: Picha Ipo, Sauti Imekwenda Wapi?

Kompyuta ya kuonyeshea filamu na mafunzo, iwe sebuleni au ukumbini, kwa kawaida huunganishwa na vitu viwili: runinga au projekta kwa ajili ya picha, na amplifaya yenye spika zake kwa ajili ya sauti. Hapo ndipo shida inapoanzia. Picha inaonekana vizuri lakini spika ziko kimya. Watu huanza kuvuta nyaya na kufungua amplifaya, na wengine hufikia hatua ya kuomba fedha za kununua nyingine. Kabla fundi hajaitwa, lipo jambo moja la kuchunguza ambalo halina gharama yoyote.

Waya wa zamani wa VGA ulibeba picha peke yake. Waya wa HDMI hubeba picha pamoja na sauti. Kwa hiyo unapouchomeka, kompyuta huihesabu runinga kuwa ni spika nyingine, na mara nyingi huamua yenyewe kupeleka sauti huko. Ndiyo maana spika zinaweza kulia vizuri runinga ikiwa imezimwa, kisha zikanyamaza mara inapowashwa. Amplifaya haina kosa lolote.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Katika Windows 10, bofya alama ya spika iliyo kona ya chini kulia, kisha kimshale kilicho juu ya kipimo cha sauti. Orodha ya vifaa itafunguka. Chagua kile kinachokwenda kwenye amplifaya. Katika Windows 11 iliyosasishwa, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl na V, orodha itatokea. Majina yake huchanganya kidogo. Jina la runinga au projekta maana yake ni HDMI. Neno Realtek mara nyingi ni tundu dogo la duara la kompyuta yenyewe, ambalo ndilo hupokea waya wa amplifaya.

Kama bado kimya, funga programu inayocheza filamu na uifungue upya. Programu ya VLC ina orodha yake ya vifaa vya sauti, na mtu akiwa amechagua runinga humo, sauti itaendelea kwenda huko.

Pale ambapo sauti ya runinga haitumiki kabisa, mimi napendelea kuifunga njia hiyo. Bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, kisha bofya kwa kitufe cha kulia jina la runinga na uchague Disable. Anayefanya hivyo aandike kwenye daftari la vifaa, kwa sababu kifaa kilichofungwa huweza kutoweka kwenye orodha, na mwenzake atakayekihitaji atadhani kimeharibika. Kukirudisha, bofya kwa kitufe cha kulia sehemu tupu ya orodha hiyo, ruhusu vifaa vilivyofungwa vionekane, kisha chagua Enable.