Kurisiti si aibu: chuo cha udaktari kikikuuliza, sema kweli

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vyuo vikuu kufungua milango ya maombi, sisi walimu huletewa swali moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. Kijana anataka kusomea udaktari. Safari ya kwanza mtihani ulimwangusha, akarisiti, safari ya pili akafaulu. Sasa anauliza: "Ustadhi, ni lazima nitaje na yale matokeo ya mwanzo?" Wapo pia waliowahi kuingia chuo wakadisko mwaka wa kwanza, na sasa wanataka kuanza upya chuo kingine kana kwamba hawajawahi kukanyaga chuo chochote.

Mara nyingi kijana huyu anapofika kwa mwalimu ameshapewa jibu nyumbani. Mjomba amemwambia ya kale hayanuki. Rafiki amemwambia hakuna atakayejua. Mwingine amemletea hoja ya dini, kwamba Uislamu umetufundisha kusitiri aibu zetu, basi kwa nini ajianike mwenyewe? Hoja hii ya mwisho inastahili jibu, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu.

Sitara na haki ya kujua

Ni kweli kwamba Muislamu aliyeteleza usiku na Allah (s.w.) akamsitiri hatakiwi kuamka asubuhi akatangaza aliyoyafanya. Lakini, ndugu msomaji, tuangalie mambo mawili. La kwanza, kufeli mtihani si dhambi. Mtu hufeli kwa maradhi, kwa msiba, kwa kusoma shule isiyokuwa na mwalimu wa Fizikia, na pengine kwa uvivu wake mwenyewe. Hata huo uvivu, akishaurekebisha, haubaki kuwa doa la milele.

La pili, sitara haiondoi haki ya yule anayetaka kufungamana nawe katika jambo zito. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Mtume alimweleza wazi kasoro ya kila mmoja, ukiwemo umasikini wa Muawiya. Aliyeuliza alikuwa na haki ya kujua, basi akaambiwa.

Vilevile inajulikana habari ya mfanyabiashara wa sokoni aliyekuwa na rundo la chakula. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani akakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Hapo akaulizwa kwa nini asiuweke ule ulioloa juu, watu wauone, kisha likaja onyo kali dhidi ya ghushi. Tuzingatie: mvua haikuwa kosa la muuzaji yule. Kosa lake lilikuwa kuficha chini kile ambacho mnunuzi alistahili kukiona. Matokeo yako ya mwanzo ni mvua iliyonyesha. Kuyaweka chini ya rundo ni uamuzi wako.

Fomu inauliza nini?

Hapa kwetu Tanzania, vyuo vingi havikutaki uandike insha juu ya maisha yako. Vinakutaka namba za mtihani. Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Baada ya hapo waombaji walianza kuomba vyuoni moja kwa moja, lakini majina ya wanaochaguliwa bado hupelekwa TCU. Namba yako ya kidato cha nne hukufuata kama kivuli, na matokeo husomwa kutoka Baraza la Mitihani (NECTA). Namba ya aliyefanya mtihani shuleni huanza na S, na ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Kwa hiyo anayeiona P yako anajua kuwa hukuufanya mtihani ule kama mwanafunzi wa shule. Fomu ikiuliza kama umefanya mtihani zaidi ya mara moja, jaza namba zote. Ikiuliza kama umewahi kusajiliwa chuo kingine, taja chuo na mwaka.

Kwa wanaoomba nje, mambo ni mazito zaidi. Uingereza, mfumo wa maombi wa UCAS humtaka mwombaji aorodheshe masomo yake yote, hata yale aliyofeli. Marekani, vyuo vingi vya udaktari hupokea maombi kupitia AMCAS, ambao hutaka transkripti za vyuo vya juu ulivyosoma, na somo ulilofeli kisha ukalirudia huhesabiwa mara zote mbili. Wanauliza pia kama chuo kiliwahi kukuchukulia hatua kwa sababu ya masomo au nidhamu, na unatakiwa kujibu ndiyo hata kama rekodi hiyo imeshafutwa.

Wala tusidanganyane kuwa siri hukaa. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wa sekta ya afya wakiwamo. Walikuwamo waliotumikia miaka mingi, wana familia na mikopo. Kuacha kutaja matokeo ya mwanzo hakulingani na kughushi cheti, lakini njia ni moja: mtu anajenga nyumba juu ya jambo ambalo siku moja litafukuliwa.

Kwa nini udaktari hasa?

Mgonjwa hana njia ya kumkagua daktari wake. Humeza dawa aliyopewa kwa kuamini. Daktari akikosea kipimo cha dawa saa nane usiku, huenda hakuna mwingine anayejua ila yeye. Akisema mapema, mgonjwa anaweza kuokolewa. Akinyamaza ili kulinda jina lake, mgonjwa anaweza kufa. Anayejizoesha kuficha kosa dogo la karatasi atapata wapi ujasiri wa kutamka kosa kubwa la wodini? Kwa hiyo swali la fomu ni mtihani wa kwanza wa udaktari, na huu hauna haja ya kurisiti.

Namna ya kueleza

Kusema kweli si kujidhalilisha. Ukitakiwa kueleza, kwa maandishi au kwenye usaili, zingatia mambo manne.

Kwanza, taja tukio kwa ufupi na kwa tarakimu: mwaka 2022 nilipata S katika Fizikia, mwaka 2024 nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea nikapata C.

Pili, taja sababu bila kulaumu watu. Kama ulikuwa unauguza mzazi, sema. Kama hukusoma vya kutosha, sema hivyo hivyo. Usibuni ugonjwa usiougua, maana huo ni uongo juu ya aibu.

Tatu, onyesha kilichobadilika: ratiba uliyojiwekea, masomo ya ziada, kazi uliyoifanya huku ukisoma. Matokeo ya pili ndiyo shahidi wako.

Nne, ukishajibu, nyamaza. Usitubu mbele ya jopo kwa nusu saa. Na mitaani, kwa majirani na kwenye harusi, huna deni la kumweleza mtu daraja ulilopata. Hapo ndipo sitara inapokaa mahali pake.

Ikikugharimu je?

Sitamdanganya kijana kwamba ukweli hufungua kila mlango. Kipo chuo kitakachomwacha kwa sababu ya rekodi yake. Nafasi za udaktari ni chache na wanaozitaka ni wengi. Lakini njia haijafungwa. Wapo wanaosoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, wakahudumia wagonjwa, kisha wakaomba shahada ya udaktari kwa sifa hiyo. Ni njia ndefu, lakini anayeipita hulala usingizi.

Enyi wazazi, neno la mwisho ni lenu. Vijana wengi hawafichi kwa kuogopa chuo. Wanatuogopa sisi. Mtoto aliyeitwa mjinga mbele ya wageni siku matokeo yalipotoka ameshafundishwa kuwa kufeli ni jambo la kufukiwa. Kaeni naye siku ya kujaza fomu, mumsomee kila swali, na akifika kwenye lile la matokeo ya nyuma mwambieni aandike yote. Riziki yake haimo kwenye kisanduku alichokiacha wazi.