Dondoo muhimu: Kupungua bila kushinda njaa
Ukitaka kupungua, usianze kwa kuruka mlo. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kiliwapunguzia vijana 36 chakula kwa majuma 24: walikonda kweli, lakini walihisi baridi, wakaishiwa nguvu, wakawaza chakula tu. Utasema wapo wanaopungua haraka kwa njia hiyo. Wapo, ila misuli nayo huyeyuka, na njaa mara nyingi hurudisha uzito. Hapa Kamina afadhali upunguze bonge la bukari, uongeze maharagwe, lengalenga, samaki wa Upemba, na sombe isiyoelea kwenye mawese. Chai nayo uinywe bila sukari. Mjamzito na mwenye kisukari wamwone muuguzi kwanza.